Nyumba tatu, hewa tatu: ulinganisho kwa anayetafuta nyumba ya kupanga Nairobi akiwa na mtoto mwenye pumu

"Dada, nimepata nyumba tatu na zote bei naiweza. Nichukue ipi?"

Mdogo wangu alinitumia ujumbe huo pamoja na picha kumi na moja: sinki, vigae, kabati la jikoni, choo, mita ya tokeni. Nyumba zote tatu zilipendeza. Lakini binti yake Imani, mwenye miaka sita, ana pumu, na mwaka jana alilazwa mara mbili, zote katika baridi ya Julai. Katika picha zile kumi na moja hamkuwa na hata moja ya kunionyesha nilichotaka kujua, yaani mtoto huyu atakuwa anavuta nini usiku kucha.

Nyumba ya kwanza iko kando ya Outering Road, ghorofa ya chini, dirisha la sebuleni likitazama barabara. Ya pili iko Zimmerman, ndani kabisa, ghorofa ya nne, na njia ya kuingilia ni ya udongo. Ya tatu iko Lucky Summer, vyumba viwili kwa kodi ambayo kule kwingine unapewa kimoja. Tangu Imani augue mara ya kwanza nimekuwa nikisoma kila kipimo cha hewa ya mji huu kinachonifikia. Niliyomjibu mdogo wangu ndiyo haya, na nimeyapanua kwa ajili ya mzazi mwingine yeyote anayetembea na fundo la funguo za ploti huku mtoto akikohoa mgongoni.

Tunalinganisha nini hasa

Harufu si kipimo. Kinachopimwa zaidi ni chembe laini ziitwazo PM2.5, zenye upana usiozidi mikromita 2.5, wakati unywele mmoja wa mtu una upana wa mikromita 70 hivi. Vumbi kubwa pua hulikamata na ukalipenga. Chembe hizi pua haiziwezi. Zinashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na zilizo ndogo zaidi zinapenya hadi kwenye damu. Ndiyo sababu madhara hayaishii kwenye kikohozi: kuna kiharusi, maradhi ya moyo, saratani ya mapafu, na watoto wanaozaliwa na uzito mdogo. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, na mapafu yake bado yanajengeka, kwa hiyo mama na mtoto wakikaa kwenye moshi ule ule, mtoto ndiye anayebeba mzigo mkubwa.

Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake mwaka 2021. Wastani wa mwaka haufai kupita mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Kabla ya hapo kilikuwa 10. Kwa siku moja, 15. Shika hiyo 5 na hiyo 15, maana takwimu zote zinazofuata ni za mikrogramu hizo hizo.

Jina la mtaa dhidi ya mita mia moja

Mtu akisema anahama kwa ajili ya hewa, sisi sote tunawaza Karen, Runda, Gigiri. Kweli kule hewa ni nzuri zaidi. Kati ya Mei 2008 na Aprili 2010 watafiti walipima chembe hizi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, karibu na katikati ya mji, na pia Gigiri, kwenye makao ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, pembeni mwa msitu wa Karura. Mjini wastani ulikuwa 21. Gigiri ulikuwa 13.

Kwa hiyo tofauti ipo, na ni kubwa kwa mapafu ya mtoto. Lakini ona kwamba hata Gigiri, penye miti na kodi ya kutisha, ilikuwa zaidi ya mara mbili ya kiwango kinachokubalika leo.

Sasa weka pembeni yake kipimo kingine. Julai 2009 watafiti wengine walisimama kando ya makutano makubwa ya barabara hapa Nairobi, mchana, upande ule upepo unakopeleka moshi wa magari. Pale barabarani walipata 128.7. Wakasogea mita mia moja tu, wakapata 18.7.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Vipimo hivi viwili havilingani moja kwa moja, kwa kuwa kimoja ni wastani wa miaka miwili na kingine ni cha saa za mchana penye msongamano. Lakini kwa mtu anayepanga nyumba, funzo lake ni zito. Kuhama kutoka mtaa wa kati kwenda mtaa wa kifahari kunapunguza kiasi. Kuhama kutoka ploti ya mbele kwenda ploti ya tano nyuma, katika mtaa ule ule na kwa kodi ile ile, pengine hata ya chini, kunaweza kupunguza zaidi. Watafiti hao hao walipima pia kwenda juu, katikati ya mji: chini barabarani 119.5, juu ya paa la ghorofa ya tatu 42.8.

Ndiyo maana swali la "mtaa gani?" mimi naliweka la pili. La kwanza ni hatua ngapi kutoka lami, na ghorofa ya ngapi.

Outering Road au Zimmerman

Nyumba ya Outering ina sifa zake, na sitazidharau. Ukitoka mlangoni uko stejini. Maji yapo siku nyingi. Mdogo wangu anafanya kazi upande wa Donholm, angefika kwa dakika kumi na tano. Mtu akikaa saa mbili kwa siku ndani ya matatu, dirisha wazi, nyuma ya lori linalofoka moshi mweusi, hizo nazo ni saa mbili za kuvuta moshi. Wanaokimbilia Rongai au Kikuyu kutafuta hewa safi wanalisahau hilo: unalala penye hewa nzuri, kisha kila asubuhi na jioni unailipa barabarani.

Lakini aliye na pumu ni Imani, na Imani hasafiri saa mbili. Yeye analala pale, saa kumi kila usiku, mita nne kutoka kwenye malori. Moshi wa dizeli si wa kufanyia mzaha. Tangu 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani linauweka katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Kuna jambo jingine ambalo msimamizi wa ploti hawezi kukuambia kwa sababu hata yeye halijui. Upepo wa Nairobi kwa sehemu kubwa ya mwaka unatoka mashariki: kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi hivi, kisha mashariki na kusini-mashariki. Outering imelala kama inayotoka kaskazini kwenda kusini. Nyumba iliyo upande wa magharibi wa barabara hiyo inapokea moshi mwingi kuliko iliyo upande wa mashariki, hata zikiwa zinatazamana. Ile ya mdogo wangu iko magharibi.

Zimmerman nayo ina vumbi. Tulipokwenda kuiangalia, viatu vyetu vyeusi vilirudi vyekundu. Na vumbi si jambo dogo: ule utafiti wa 2008 hadi 2010 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya chembe laini za Nairobi zinatokana na vitu viwili, magari na vumbi la udongo. Kwa mwenye pumu vumbi linakera, hakuna ubishi. Ila vumbi la njia ya ndani sehemu yake kubwa ni chembe nene. Linatua. Ghorofa ya nne linafika likiwa limepungua, na lililofika unaweza kulipangusa kwa kitambaa cha maji. Masizi ya dizeli hayatui kirahisi hivyo. Yanabaki hewani na kuingia hadi kwenye neti ya kitanda.

Nilikuwa na vitambaa viwili vyeupe kwenye mkoba, vibichi. Kimoja nilikipitisha kwenye fremu ya dirisha la Outering, kingine la Zimmerman. Cha Zimmerman kilitoka na rangi ya kahawia, na nilipokisuuza bombani kikarudi karibu cheupe. Cha Outering kilitoka cheusi chenye mafuta, kikaniachia alama kwenye vidole ambayo sabuni ya kipande iliiondoa kwa shida. Mwenye nyumba aliniangalia akacheka. Mdogo wangu hakucheka. Alikichukua kile kitambaa cheusi akakikunja polepole, akakitia mfukoni.

Shida ya Zimmerman ni ngazi na maji. Ghorofa ya nne bila maji ya uhakika maana yake ni mtungi wa lita ishirini mabegani, ngazi sitini. Tusijidanganye kwamba hilo ni dogo. Familia nyingi zinachagua chini kwa sababu hiyo moja, na ninawaelewa.

Lucky Summer, na kwa nini nilisema hapana kabla hajamaliza

Hapa ndipo jina la mtaa linarudi kuwa na uzito wote.

Jalala la Dandora lilianza kutumika katikati ya miaka ya 1970, kwenye shimo la machimbo ya mawe. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Malori bado yanamwaga. Taka zinawaka zenyewe kwa gesi inayotoka chini, na nyingine zinachomwa makusudi ili kupata shaba na chuma. Moshi ule una plastiki, mipira ya magari na betri ndani yake. Utafiti uliotolewa 2007 chini ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ulipima watoto 328 wa maeneo ya jirani. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Risasi hupunguza uwezo wa akili wa mtoto, na kilichopotea hakirudi.

Kwa kuwa upepo unatoka mashariki, wanaoishi ng'ambo ya mto Nairobi, Lucky Summer ikiwemo, ndio wanaoupokea moshi huo. Watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya Afrika, walilinganisha mitaa miwili ya mabanda: Korogocho, jirani ya jalala, na Viwandani, iliyobanwa na viwanda vya Industrial Area. Viwandani walipata wastani wa 67. Korogocho, 166. Soma tena: Gigiri 13, Korogocho 166, na zote ni Nairobi. Umbali kati yake ni wa safari moja ya matatu.

Hapo kusogea mita mia moja hakukusaidii. Kupanda ghorofa hakukusaidii. Moshi wa barabarani unatoka kwenye mstari mwembamba na kutawanyika, lakini wa jalala ni wingu linalofunika mtaa mzima, na usiku wa baridi, hewa inapotuama, linashuka na kulala chini. Wakazi wa Lucky Summer wanajua saa zake. Mama mmoja muuza mboga tuliyemuuliza alisema, "Ikifika saa tatu usiku nafunga dirisha, naziba chini ya mlango na leso." Ana watoto wanne.

Hapa nasema ninaloliamini kwa moyo wote: tofauti hii haikutokea kwa bahati. Mwaka 1913 ripoti ya Profesa Simpson, mtaalamu wa afya ya umma wa enzi ya ukoloni, ilipendekeza mji ugawanywe kwa rangi, na mpango wa mji wa 1948 ulijengwa juu ya mgawanyo uliokuwepo. Wazungu walikaa magharibi na kaskazini-magharibi, penye miinuko na misitu. Waafrika waliwekwa mashariki, karibu na reli na viwanda. Uhuru ulipokuja, ubaguzi wa rangi uligeuka kuwa ubaguzi wa kodi ya nyumba, na jalala likapelekwa huko huko mashariki. Ibara ya 42 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Mtoto wa Korogocho ametajwa humo sawa na wa Runda.

Kwa hiyo vyumba viwili kwa bei ya kimoja vina maelezo yake. Punguzo lile linalipwa na mapafu.

Au kurudi nyumbani mashambani?

Mama yetu alishauri Imani akae naye kijijini. Wazo si baya, na takwimu zinamuunga mkono kwa nusu. Mwanzoni mwa 2017 vipimo vilivyofanywa kwa vifaa vya bei nafuu vilionyesha wastani wa 36.6 kando ya barabara Nairobi, 24.8 mbali kidogo na barabara, na 13 kule Nanyuki.

Hiyo ni hewa ya nje. Ndani ya jikoni la mafiga matatu lisilo na dirisha, kuni zikiwa mbichi, hali ni nyingine kabisa, na mtoto mdogo hukaa pale pale alipo bibi. Duniani kote mwaka 2021 uchafuzi wa hewa ulihusishwa na vifo milioni 8.1, na kati yao watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa zaidi ya 700,000, wengi kwa moshi wa kupikia. Kijiji kinamfaa mtoto wa pumu ikiwa bibi anapikia gesi, au jiko liko mbali na nyumba na mtoto haingii. Nilimweleza mama, akanyamaza, kisha akasema, "Kwani mimi mapafu yangu nani aliyapima?" Sikuwa na jibu. Tumemnunulia mtungi wa gesi wa kilo sita.

Usibebe barabara jikoni kwako

Kwa wanaoishi kwenye bedsita hili lina uzito sawa na kuchagua mtaa, kwa sababu jiko na kitanda viko chumba kimoja.

Makaa yanaonekana hayana moshi yakishashika, lakini yanatoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na kila msimu wa baridi watu wanakufa usingizini kwa kuingiza jiko ndani wajipashe joto. Majiko yaliyovikwa udongo yanakula makaa kidogo, jambo zuri kwa mfuko, ila hewa ile bado inatoka. Mafuta taa ndiyo ningeyaondoa kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri yasitumike nyumbani, na harufu yake tu inatosha kumwamsha Imani. Gesi ni hatua kubwa mbele: chembe kidogo sana, ingawa moto wake nao hutoa gesi zinazochokoza pumu, kwa hiyo dirisha liwe wazi unapopika. Umeme hautoi chochote ndani ya nyumba. Anayeweza kuchemshia maharagwe kwenye sufuria ya umeme na kumalizia kwa gesi amefanya vizuri kuliko wengi wetu.

Tena uliza majirani wanapikia nini. Katika ploti zenye korido moja, jiko la makaa la mlango wa tatu ni lako pia.

Namna ya kuikagua nyumba

Usiende Jumapili saa sita mchana. Mwenye nyumba anapenda uende wakati huo kwa sababu barabara iko kimya na upepo unavuma. Nenda siku ya kazi saa moja asubuhi, kisha rudi saa mbili usiku, saa ambazo magari yamebanana na hewa imetuama. Simama chumba cha kulala dakika kumi bila kuongea. Zunguka nyuma ya ploti utafute mahali pa majivu: kama taka zinachomwa pale, utaona mduara mweusi na waya zilizobaki. Angalia kama kuna fundi anayeyeyusha betri za magari karibu. Kama yupo, ondoka. Owino Uhuru kule Mombasa walikaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa sumu ya risasi.

Na beba kitambaa cheupe.

Alichochagua

Mdogo wangu alichukua Zimmerman. Halikuwa chaguo rahisi: nauli imeongezeka, anaamka saa kumi na moja kasoro, na maji wanapandishiwa na kijana mmoja wa pale chini kwa malipo ya kila mtungi. Chumba cha Imani ni cha upande wa nyuma, dirisha linafungwa jioni wakati watu wanawasha majiko na kufunguliwa usiku wa manane. Sakafu inapigwa deki kila siku, haifagiliwi kavu.

Nyumba ya Outering ilipata mpangaji wiki ile ile, mama mwenye mtoto mchanga. Ya Lucky Summer pia imejaa.

Kilichobaki ni shule. Imani anakaa darasani saa nane kwa siku, na darasa lake ndilo lililo karibu na lango, pale matatu zinaposimama na kuacha injini ikinguruma. Upande wa nyuma kuna darasa jingine la umri wake, nyuma ya miti ya mikaratusi. Nilihesabu hatua kutoka lami hadi mlango wake: mia moja na thelathini. Jumatatu tunakwenda kumwona mwalimu mkuu kuomba abadilishiwe, na mdogo wangu amesema atakibeba kile kitambaa.